Kidonge cha Adhuhuri

Tangu mvua za mwaka huu zianze, watu watatu wamekuja nyumbani kwangu kuniuliza habari za vidonge. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Vugiri, aliyeteremka milimani akapanda basi hadi huku Mkata kwa sababu alisikia hospitalini kwamba kuna mzee huku anayetetemeka kama mume wake. Wengine wawili ni wa vijiji vya jirani. Wote waliuliza jambo moja kwa maneno tofauti: kinachomchukua mtu wangu akili ni ugonjwa, ni dawa, au ni uzee tu?

Mimi si daktari. Ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na ndimi ninayeandika mikutano ya kijiji chetu, kwa hiyo nimezoea kuweka kwenye karatasi nani kasema nini na wakati gani. Nilifanya hivyo kwa baba yangu pia. Hapa nayapanga yale niliyoyaandika, pamoja na makosa yetu, kwa sababu wanaokuja kuniuliza naona wako karibu kuyarudia yaleyale.

Baba anaitwa Athumani. Alilima mahindi na mihogo kama kila mtu, lakini kazi aliyoipenda ni nyuki. Mizinga yake ilining'inia mitini kule tulikokaa zamani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kijiji hiki kipya. Operesheni ya vijiji ilipokuja tulihamia huku barabarani pamoja na wengine, nyumba zikapangwa mistari, tukapata shule na zahanati. Baba hakugomba. Alisema tu kwamba nyuki hawapendi makelele, akaiacha mizinga mahame, kule tulikohama, na kwenda kuitazama kila baada ya siku chache. Mama alikuwa amekwisha fariki. Kaka yangu Rajabu anafanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Magoma. Nyumbani tulibaki wawili, baba na mimi.

Ugonjwa ulianza kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, polepole, bila kupumzika, hata baba akiwa amekaa kimya. Sisi sote tulidhani anavuta uradi. Tasbihi yake ilikuwa imekatika, nasi tukaamini anahesabu kwa vidole. Watu walipunguza sauti walipopita karibu naye. Mzee mmoja msikitini alimsifu mbele za watu kwa ibada yake, na baba, ambaye hakuwa akihesabu chochote, aliona haya kukanusha. Tulikaa hivyo karibu mwaka mzima, tukiuheshimu ugonjwa.

Kisha hatua zikawa fupi. Uso ukatulia hata ukawa kama wa mtu aliyekasirika, na wageni wakaniuliza wamemkosea nini. Siku moja alirudi kutoka kwenye mizinga na kamba yake begani, akaiweka chini.

"Leo mkono umekataa," alisema.

"Umekataa nini, baba?"

"Kufunga fundo. Nimejaribu mpaka nyuki wakanichoka."

Masika yaliyofuata nilimpeleka hospitali Korogwe. Tulifika asubuhi, tukakaa kwenye benchi mpaka kivuli cha jengo kikahama upande wa pili. Nawaambia wanaokwenda mara ya kwanza: chukueni maji, chukueni kitu cha kukalia, na msimwache mgonjwa akae mwisho wa benchi, maana kila anayepita humgonga. Mama mmoja aliyekaa karibu nasi aliutazama mkono wa baba kwa muda mrefu, kisha akamwekea mwanawe mchanga mapajani. Baba akamshika kwa mikono miwili. Mtoto alipenda kule kutikiswa, akasinzia. Tulimrudisha kwa mama yake tulipoitwa.

Daktari alimfanya baba atembee, ageuke, aguse pua. Aliniandikia jina la ugonjwa, Parkinson, akasema hauponi ila unatulizwa. Alitupa vidonge vidogo vyeupe, nusu mara tatu kwa siku. Nyumbani hatukuwa na saa, kwa hiyo nilivifunga kwenye adhana: nusu baada ya alfajiri, nusu adhuhuri, nusu magharibi. Nikachukua daftari la shule, nikapiga mistari, na kila baba alipomeza niliweka alama.

Baada ya wiki tatu mkono ulitulia kwa kiasi. Kipupwe tulirudi, daktari akaongeza: sasa kidonge kizima, mara tatu. Alisema kama kuna jambo lolote jipya nirudi nalo. Sikurudi, kwa sababu jambo jipya nililoliona lilikuwa zuri. Baba alifunga vifungo vya kanzu yake mwenyewe. Alikula ugali mbele ya wageni bila kujificha. Kwa mara ya kwanza tangu tuhame alinitania, akaniambia mchicha wangu umepikwa kama mtu aliyekuwa na miadi kwingine.

Mambo mengine niliyaandika pembeni, kwa herufi ndogo. Mdomo wake ulikuwa mkavu, ulimi ukinata anapozungumza. Alipata taabu ya choo. Aliuliza jambo moja mara mbili asubuhi moja. Alimwita mbuzi kwa jina la mbwa tuliyekuwa naye zamani. Nilisoma mistari hiyo nikajiambia: ana miaka sabini, mtu wa sabini ana haki ya kukosea jina la mbuzi.

Ndipo ukaingia mwezi wa Ramadhani. Maalimu wa msikiti wetu alikuja mwenyewe kumwambia baba kwamba amesameheka. Baba alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akamsindikiza hadi njiani. Aliporudi aliniambia nimwamshe daku.

"Baba, mgonjwa ameruhusiwa kula."

"Ameruhusiwa. Hakulazimishwa."

"Na kidonge cha adhuhuri?"

"Nimefunga tangu Mwingereza hajaingia nchi hii. Kidonge hakifiki hata ukubwa wa kunde. Hicho ndicho kitanifungulisha?"

Sikutaka kumvunjia heshima. Zaidi ya hapo, nami niliona fahari kidogo. Basi nikakihamisha kidonge cha adhuhuri kwenye futari: viwili magharibi, kimoja daku. Vitatu kwa siku, kama alivyosema daktari. Hesabu ilikuwa sawa, alama daftarini zilikuwa tatu, nami nikalala nikijua nimelitatua jambo. Mama wa Vugiri nilipomsimulia hapa alishika mdomo, kwa sababu alikuwa amepanga hivyohivyo kwa mume wake.

Katika kumi la kwanza la mwezi baba alianza kuona watoto. Walikaa juu ya boriti, alisema, wanne, hawana fujo. Alinitaka niwape tende. Hakuwaogopa, na kwa kuwa hakuwaogopa, mimi pia nilijizuia nisiogope. Majirani waliosikia walisema ni rehema ya mwezi. Mmoja alisema ni majini wa mahame, wametufuata.

Katika kumi la pili alianza kuondoka. Tulikula daku pamoja, akaswali, nikajilaza kidogo. Jua lilipochomoza hakuwapo. Nilikuwa nje nikitazama alama za kandambili zake vumbini alipofika Bwana Sefu, balozi wetu wa nyumba kumi.

"Mwalimu, mzee yuko wapi?"

"Simwoni tangu alfajiri."

"Mimi najua aliko. Na wewe unajua." Alikuwa na hasira ya mtu aliyefunga na ambaye ameamshwa mapema. "Wiki iliyopita nimesimama mkutanoni, wewe mwenyewe ukiandika, nikasema katika nyumba zangu hakuna aliyerudi mahame. Sasa baba yako ananifanya mwongo."

"Baba ni mgonjwa, Bwana Sefu."

"Ugonjwa wa kupenda mahame? Huo wanao wengi. Nikiupeleka wilayani watautafutia dawa."

Hayo hayakuwa maneno ya mzaha. Waliorudi kwenye maboma yao ya zamani walikuwa wakiitwa na kuhojiwa, na kibanda chochote walichojenga kilibomolewa. Lakini mimi nilihofia zaidi msitu. Nyati walikuwepo, jua lilikuwa kali, na baba alikuwa amefunga, asingekunywa hata tone la maji.

"Twende ukamwone," nilimwambia. "Ukiona ni ujeuri, nitaandika mimi mwenyewe."

Tukashika njia ya mahame. Mahali ilipokuwa nyumba yetu palibaki kifusi cha udongo mwekundu, magugu na nguzo moja. Baba alikuwa amesimama wima mbele yake, upande ambao zamani ulikuwa na mlango, mikono nyuma, kama mgeni mwenye adabu zake.

"Hodi," alisema.

Alingoja.

"Hodi hapa."

Akangoja tena. Alipiga hodi ya tatu. Sisi sote tunajua kwamba baada ya hodi ya tatu mtu huondoka. Baba hakuondoka, alianza upya kutoka ya kwanza. Midomo yake ilikuwa mikavu hata neno lilitoka kwa sauti ya kukwaruza.

Bwana Sefu ndiye aliyesimamia kuezuliwa kwa nyumba ile. Alinitazama, akatazama pembeni. Kisha alizunguka magugu kwa upande wa nyuma, akaingia, akasimama karibu na nguzo.

"Karibu, mzee," alisema.

Baba akavua kandambili, akavuka pale palipokuwa kizingiti, akaketi chini.

"Wenyewe wapo?"

"Wamehama, mzee. Wako kijijini, huko barabarani. Hawajambo."

"Wote?"

"Wote."

"Na yule binti yao?"

"Huyo ndiye mwalimu. Anafundisha watu kusoma."

Baba alifikiri. "Basi tuwafuate hukohuko. Si vizuri kukaa nyumba ya watu wenyewe hawapo."

Bwana Sefu alimshika mkono njia nzima, akimwonyesha mashimo na visiki. Tulipokaribia nyumba za kwanza aliniambia kwa sauti ya chini, "Huu si ujeuri, mwalimu. Huu mpelekee daktari." Na katika taarifa yake ya mwezi ule hakuandika kitu.

Sikumpeleka daktari siku hiyo wala kesho yake. Niliamini nikisubiri Idi mambo yatatulia, na basi la Korogwe kwa mtu aliyefunga lilionekana kama adhabu. Nilikuwa nimechoka pia. Nilikuwa nikilala mlangoni, mkeka ukiwa umeziba njia, na mchana nilisinzia mbele ya wanafunzi wenye umri wa kunizaa, ambao waliandika taratibu ili wasiniamshe.

Katika kumi la mwisho, jioni moja kabla ya futari, nilikuwa nimekaa barazani nikijaza daftari la mahudhurio. Baba alitoka, akanitazama kwa muda.

"Karani," aliniita.

Nilidhani ananitania. Nikainua uso, nikaona hanitanii.

"Naam, mzee."

"Umekuja kuandika watu?"

"Ndiyo."

"Basi niandikie mimi. Nina binti, anaitwa Zaina. Sijui wamempeleka kijiji gani. Ukimkuta, mwambie baba yake yupo, hajambo. Asije kwa miguu, jua kali. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

Nikasoma.

"Ongeza. Mizinga asimpe kila mtu. Ile ya juu kabisa ina nyuki wapole, hiyo aweke." Akanisogelea. "Unamfahamu huyo Zaina?"

"Namfahamu."

"Ni mtu mzuri?"

"Anajitahidi," nilijibu.

"Hilo usiandike," alisema baba. "Anajua mwenyewe."

Usiku ule sikulia, kwa sababu nilikuwa na kazi. Nilinakili ujumbe ule kwenye daftari la vidonge, kisha nikalifungua kutoka ukurasa wa kwanza, nikazisoma alama pamoja na maelezo yangu ya pembeni, yale ya herufi ndogo, kama ninavyosoma mikutano miwili kutafuta pale watu walipoanza kutofautiana. Palionekana wazi. Wakati wa nusu kidonge hapakuwa na neno lolote pembeni. Siku ya sita baada ya kuongezewa kidonge kizima, jina la mbuzi. Siku ya nne baada ya kuunganisha viwili magharibi, watoto juu ya boriti. Asubuhi zote alizoondoka, saa chache kabla yake alikuwa amemeza vitatu, kati ya magharibi na daku. Mkono ulitulia na kichwa kikachanganyika kwa pamoja, hatua kwa hatua. Mimi niliutazama mkono tu.

Siku ya Idi Rajabu alikuja na nguo mpya za baba. Baba alimpokea vizuri sana, akamwuliza ametoka wapi na kama kwao mvua zimenyesha. Rajabu alitoka nje. Nilimfuata na daftari, nikamwonyesha. Kosa langu la pili ni hilo: nilimwonyesha mtu aliyekuwa na uchungu jambo ambalo nilikuwa nimelielewa nusu.

"Dawa ndiyo inayomla kichwa?" aliuliza.

"Naona hivyo. Nataka turudi hospitali kesho kutwa tuulize."

"Tuulize nini? Umeniandikia mwenyewe hapa."

Aliingia ndani, akachukua bahasha ya vidonge, akaenda nayo chooni. Nilisikia akimwaga. Sikumkimbilia. Nakiri kwamba moyoni nilihisi mzigo umeshuka.

Siku ya kwanza baba alionekana mchangamfu. Siku ya pili mkono ulirudi, na safari hii mguu na kidevu navyo vikatetemeka. Siku ya tatu alikakamaa. Tulimwinua kitandani kama gogo, magoti hayakukunjika. Uji ulikaa mdomoni bila kushuka. Macho yake tu ndiyo yalitufuata, na macho hayo yalikuwa na akili timamu, jambo lililokuwa gumu zaidi kulivumilia. Rajabu, aliyetakiwa kurudi kazini siku ile, alikaa. Lori lililokuwa likipeleka mihogo Korogwe lilitupakia, baba akiwa amelazwa juu ya magunia, Rajabu akiwa amemfanyia kivuli kwa kanzu mpya ya Idi.

Daktari alikuwa yuleyule. Alisikiliza, akasoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, na hakutukaripia. Alituambia mambo mawili, ambayo nawaambia wote wanaokuja kwangu. La kwanza: dawa ya aina hii huweza kumvuruga mzee kichwa, na wa kwanza kuona ni yule anayekaa naye, si daktari; ukiona, rudi upesi, usingoje sikukuu. La pili: usiihamishe, usiirundike, wala usiikate ghafla kwa uamuzi wako, maana mwili uliokwisha kuizoea huanguka. Hupunguzwa kidogo kidogo, huku watu wakitazama.

Baba alilazwa siku kumi na mbili. Rajabu aliomba ruhusa kazini, akalala chini ya kitanda. Kila asubuhi alimnyoa ndevu, ingawa hazikuwa na haja ya kunyolewa kila siku. Siku ya tano, akiwa anamfuta povu, nilimsikia anasema, "Nisamehe, baba." Baba alikuwa bado hawezi kusema. Alikisukuma kidevu mbele, kumwonyesha sehemu aliyoruka. Rajabu akanyoa hapo pia.

Vuli ilipoanza tulikuwa nyumbani, na nusu kidonge mara tatu, baadaye robo. Daktari alinipa namna ya kukigawa kwa wembe. Watoto wa kwenye boriti walikuja mara chache, kisha wakaacha. Siku moja, mvua ikinyesha, baba aliniuliza kama mihogo ya shamba la kijiji imekwisha kuvunwa, na nani alikuwa zamu. Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Nilimjibu, nikaenda jikoni nikashika ukuta.

Sitaki kumdanganya anayesoma. Si vyote vilivyorudi. Majina ya wajukuu wa jirani hayajui. Akianza hadithi ndefu hupotea katikati, na nimejifunza kumtajia jina la mwisho alilotaja, bila kumharakisha. Daktari alisema sehemu hiyo ni ya ugonjwa wenyewe, na itaongezeka.

Wakati wa kiangazi kifupi baada ya vuli aliniuliza, "Zaina, nilipokuwa sipo, nilisema nini?"

Nilileta daftari nikamsomea. Watoto wanne. Tende. Hodi kule mahame. Alicheka kidogo kifuani, uso haukucheka. Nikaendelea hadi Idi.

"Umegeuza kurasa mbili," alisema.

"Zilishikana."

"Ziachanishe."

Basi nikamsomea ujumbe wake kwa karani, neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe ulifika," alisema.

Masika ya mwaka huu mtetemo ulizidi. Robo zile hazikutosha. Hakuweza tena kushika kijiko, maji yalimwagika kifuani, na msikitini alianza kuswali nyuma kabisa ili asiwashughulishe wenzake. Siku ya miadi tulipanda basi mapema, mimi na yeye. Benchi lilikuwa lilelile, na nilimweka katikati.

Daktari aliitazama ile mikono, akavuta pumzi. Alisema angeweza kuongeza vidonge mpaka kimoja kizima. Mikono ingetulia kama mwanzo. "Lakini mnajua kilichotokea," alisema, akanitazama mimi. "Kuna dawa nyingine mpya, nimeiomba, haijafika. Sijui itafika lini. Kwa sasa uamuzi ni huu. Mwalimu, unaonaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kujibu. Nilikuwa nimefikiria njia nzima, nikijaribu kuweka kando uchovu wangu: kulisha, kuvisha, kufua mara mbili kwa siku. Nilijua kwamba kwa kidonge kizima angejilisha mwenyewe, na asingekuwa akijua anakula kwa nani.

"Muulize mwenyewe, daktari," nilisema. "Leo yupo."

Daktari akamgeukia, akamweleza tena polepole, kwa Kiswahili chepesi. Baba alisikiliza. Mdomo wake ulichukua muda kuanza.

"Mikono nitaazima kwa huyu," alisema, akanielekeza kwa kidevu. "Kichwa nitaazima kwa nani?"

Daktari aliandika robo, mara tatu.

Basi la kurudi lilikuwa bado. Tulivuka barabara, tukaingia mgahawani, nikaagiza wali na maharage na chai moja. Watu wa meza ya jirani waliacha kuzungumza kutazama meza yetu ikitikisika. Nilimfunga baba kitambaa shingoni, nikampulizia wali, nikaanza kumlisha. Nilitaka tumalize kabla ya basi, na labda kabla ya macho yale. Kijiko cha tatu alifumba mdomo.

"Unalisha haraka," alisema.

"Basi, baba."

"Mama yako alilisha haraka hivyohivyo. Wewe na Rajabu mlikuwa mnapaliwa kila siku. Nilimwambia, mama Rajabu, mtoto si gunia."

Nikaweka kijiko chini, nikangoja ameze. Kisha nikapunguza mwendo.